Nyoka na hua kwa pamoja?

SWALI: Mathayo 10:16 yatutaka tuwe na busara kama nyoka na wapole kama hua. Si nyoka ndiye aliyemdanganya Hawa?

JIBU: Ndiye, lakini mfano huazima sifa moja tu ya mnyama, haumbebi mzima. Simba ni Kristo katika Ufunuo 5:5, na ni Ibilisi katika 1 Petro 5:8! Soma kwanza mistari ya jirani. Hapa Yesu anawatuma wanafunzi kama kondoo kati ya mbwa-mwitu, na mstari wa 23 unaonyesha busara yenyewe: wakiudhiwa mji huu, wakimbilie mwingine. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa “wapole” lina maana ya kitu kisichochanganywa, kama divai isiyotiwa maji. Wengi hukosea hapo, wakidhani hua ni mfano wa unyonge, kumbe ni wa moyo safi usiochanganyika na hila.