Uliza Ujibiwe: Ramani ya mafuriko imebadilika, sasa benki inadai bima

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu anaishi Houston kule Marekani, alikopa benki akanunua nyumba na haijawahi kuingia maji hata siku moja. Juzi kapata barua ya benki eti ramani ya mafuriko imechorwa upya, nyumba yake sasa iko zoni AE, ana siku 45 za kukata bima ya mafuriko la sivyo benki inamkatia yenyewe na deni linakuwa lake. Kwenye grupu la familia tunabishana kama ni matapeli. Na mimi niliyejenga karibu na Mto Mirongo, mambo hayo yananihusu? – Dada Mtu, Mwanza

JIBU: Wabeja Dada Mtu. Hizo siku 45 ziko kweli kwenye sheria yao kwa hiyo barua inawezekana kabisa ni halali, ila mwambie apige benki kwa namba aliyokuwa nayo toka zamani, sio ile iliyoandikwa kwenye barua, maana matapeli nao sheria wanazisoma.

Sasa iko hivi. Kule ramani zinachorwa na FEMA, idara ya serikali ya majanga, na zoni zinazoanza na A au V maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa angalau asilimia 1 wa mafuriko. Asilimia 1 inachekesha eh, lakini kwa mkopo wa miaka 30 inafika kama asilimia 26, yaani mtu mmoja kati ya wanne, hapo sidhani kama kuna anayecheka. Ukiwa na mkopo wa benki kwenye zoni hizo bima ni lazima, na ukiwa zoni X, yaani nje ya zoni hizo hatari, sheria haikulazimishi.

Watu wengi wanapochanganya ni kwenye bei. Zamani zoni ndo ilikuwa inabeba sehemu kubwa ya ada, lakini kwenye bima ya serikali, ile NFIP iliyoanzishwa 1968, tangu Oktoba 2021 wanaangalia nyumba yenyewe, iko mbali kiasi gani na maji, imeinuka kiasi gani, kuijenga upya ni shilingi ngapi, samahani, dola ngapi. Kwa hiyo ramani mpya inamlazimisha mdogo wako kukata bima lakini sio kwamba bei itaruka kwa sababu tu ya herufi AE. Tena nyumba iliyoingizwa zoni hatari kwa mara ya kwanza huwa inaanza na punguzo, halafu ada inapanda taratibu, kwa nyumba anayoishi mwenyewe haizidi asilimia 18 kwa mwaka. Punguzo lina muda wake, asikae anasubiri ndugu tumalize kubishana.

Kingine, bima hii kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, ila ukiikata ndani ya miezi 13 tangu ramani ibadilike unasubiri siku moja tu. Inalipa mpaka dola 250,000 za nyumba na 100,000 za vitu vya ndani. Na asidhani bima yake ya kawaida ya nyumba itamsaidia, ile mafuriko haigusi. Ile ya kukatiwa na benki aikwepe kabisaa, mara nyingi ni ghali na inalinda zaidi deni la benki kuliko makochi yake.

Akiona ramani imemwonea, atafute mpima ardhi apime kimo. Kama ardhi ya chini kabisa inayogusa nyumba imefikia au kupita kimo cha mafuriko, yaani pale maji ya mafuriko hayo ya asilimia 1 yanapokadiriwa kufika, anaomba FEMA barua ya kuondolewa kwenye zoni, wao hawatozi kitu, atamlipa mpimaji tu. Lakini akiondolewa asikimbilie kufuta bima! Mafuriko ya kimbunga Harvey 2017 hapo hapo Houston yaliingia kwa wengi waliokuwa nje ya zoni hatari.

Haya, tuje kwako. Hapa kwetu sheria haikulazimishi kukata bima ya mafuriko kwa sababu ya zoni, tulichonacho ni Sheria ya Mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa, na ukipita Mirongo unajua tunavyoitii. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka rekodi ya 1964 ikavunjwa, nadhani watu wa mwaloni hawajasahau. Ukitaka kujikinga anza na bima ya moto ya nyumba, kisha muulize wakala, mafuriko yamo au ni nyongeza ya kulipia? Na ziwa likipanda polepole wanaliita mafuriko? Majibu akupe kwa maandishi yenye mhuri kabla hujalipa, na mwambie ukweli kuhusu mto, ukiuficha siku ya kudai fidia wana sababu ya kukunyima. Wakikuzungusha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.