Korosho za 2018: nilichokiona Newala kati ya tangazo la bei na pesa kuingia akaunti

Mkuu uliyeanzisha uzi umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama yupo anayeweza kuonyesha kwa mfano halisi sera ya uchumi ya Hayati Magufuli iliyomuumiza mwananchi wa kawaida. Pili, kama si kweli kwamba vyombo vya habari vilimwonea. Waliotangulia kuchangia wametaja SGR, bwawa la Nyerere, ndege, na Benki ya Dunia kutuingiza uchumi wa kati Julai 2020. Wengine wametaja magazeti yaliyofungiwa. Mimi nitabaki kwenye zao moja tu, kwa sababu nililiona kwa pande zote mbili: mama yangu ana mikorosho Newala, mkoani Mtwara, na msimu wa 2018/19 nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, natuma habari za Newala, Tandahimba na Masasi kwenye kituo kimoja cha redio ambacho sitakitaja.

Nianze na lililo la haki yake. Msimu wa 2017/18 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, walinunua bodaboda, walisomesha. Oktoba 2018 mnada ukafunguliwa na wanunuzi wakaja na bei za chini ya 3,000, wengine chini kabisa ya hapo. Wakulima wakakataa kuuza, na nilikuwapo kwenye moja ya mikutano hiyo. Sanduku la zabuni za wanunuzi lilifunguliwa, bei zikasomwa moja baada ya nyingine, na kabla msomaji hajamaliza orodha watu walikuwa wameshasimama wakisema hatuuzi. Hawakuwa wamechochewa na mwanasiasa yeyote. Kila mmoja alijua ametumia kiasi gani kupalilia, kupulizia salfa na kulipa waokotaji.

Rais akawaita wanunuzi, wakaahidi kutoshuka chini ya 3,000, lakini ununuzi ukasuasua. Novemba akawaondoa mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, na tarehe 12 Novemba akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, fedha zikipitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo na malori ya jeshi (JWTZ) yakisomba mzigo. Siku ile Newala ilikuwa sherehe. Bibi jirani yetu alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Anayesema wakulima walilazimishwa kufurahi hakuwapo. Kiongozi wa nchi alikuwa amesimama upande wao mbele ya watu wenye mitaji mikubwa, na jambo hilo lina uzito wake mpaka leo.

Sasa tuje kwenye utekelezaji, maana ndiyo sehemu inayorukwa kila mara kwenye mjadala huu.

Kwa wasiotoka kusini, utaratibu wa stakabadhi ghalani umekuwapo tangu 2007. Unapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, unapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, chama kikuu kinaendesha mnada, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, kinachobaki kinaingia akaunti yako. Utaratibu huo una kasoro nyingi, lakini kila hatua ina mwenyewe na ukichelewa kulipwa unajua pa kugonga. Serikali ilipochukua ununuzi, ngazi ikaongezeka: uhakiki. Ilisemwa kwamba korosho nyingi ghalani ni za kangomba, yaani walanguzi wanaomnunulia mkulima kwa bakuli wakati wa njaa kwa bei ya kutupa. Kangomba wapo, sibishi, na wamewanyonya watu wetu miaka mingi. Kwa hiyo mwenye mzigo mkubwa, zaidi ya kilo 1,500, ilibidi shamba lake litembelewe na kuhakikiwa kabla ya malipo.

Kwenye karatasi inaeleweka. Kijijini mambo yalikwenda hivi. Mzee mmoja ninayemfahamu ana wana watatu wanaolima mashamba ya ukoo. Miaka yote korosho zao huingia kwa jina la mzee, kwa kuwa yeye ndiye mwanachama na ndiye mwenye akaunti. Timu ya uhakiki ikaona kilo nyingi kwa jina moja, ikaenda shambani, ikakuta mikorosho imetawanyika vipande vinne, kimoja kikiwa ng'ambo ya bonde. Jina lake likawekwa pembeni. Hakuambiwa kwamba amekataliwa, wala hakuambiwa kwamba amekubaliwa. Kila alipokwenda chamani aliambiwa orodha haijarudi. Januari ikapita na mjukuu wake aliyechaguliwa kidato cha kwanza akachelewa kuripoti shule kwa kukosa sare na godoro, wakati kwenye stakabadhi babu yake ana mamilioni.

Mama yangu hakuwa na kilo za kumfikisha kwenye uhakiki wa shamba, na bado alisubiri. Stakabadhi zake alizifunga kwenye mfuko wa nailoni akaziweka chini ya godoro. Alichokipata mwanzoni kilikuwa sehemu tu ya mzigo wake. Kilichobaki kiliingia baada ya muda wa kupulizia kuwa umeshapita. Anayelima korosho anajua maana yake. Salfa haikusubiri. Mkorosho ukitoa majani mapya na maua bila dawa, ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, na ulichokosa kupulizia Juni na Julai unakikosa kwenye gunia Oktoba. Wapo waliokopa kwa walewale kangomba ili wapate dawa, wakaweka rehani korosho za msimu ambao haujafika. Sera iliyotangazwa kumpiga vita mlanguzi ikamrudisha mkulima mikononi mwake, kwa sababu ya tarehe tu ya malipo.

Nikumbushe pia kwamba Sheria ya Fedha ya 2018 ilikuwa imeondoa mgawo wa asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, uliokuwa ukirudi kwenye tasnia na kusaidia pembejeo. Wabunge wa kusini walipiga kelele Juni ile. Kwa hiyo mkulima aliingia 2019 bila msaada wa pembejeo na bila malipo yake kamili kwa wakati mmoja. Ukiichambua sera ya korosho bila kuunganisha mambo haya mawili utapata picha nusu.

Sasa swali lako la pili, la vyombo vya habari.

Nilituma habari za vigelegele, na zilitangazwa zote. Nikatuma habari za malori ya jeshi, na hizo zilitakiwa haraka, tena kwa sauti za magari yakinguruma. Kuanzia Januari nikaanza kutuma habari za malipo yaliyochelewa. Simu kutoka chumba cha habari ikawa na ombi moja: nipatie na mkulima anayeshukuru. Nikawapatia, maana walikuwapo waliolipwa na walishukuru kwa dhati. Habari ikienda hewani, mwenye shukrani anasikika, mzee wa vipande vinne hayumo. Nilipouliza, mhariri wangu, mtu mwema na mwandishi mzuri, aliniambia bila kuzunguka: "Mdogo wangu, una takwimu za serikali za waliolipwa na wasiolipwa? Kama huna, usitaje idadi."

Hakuwa mwoga wa bure. Septemba 2018, mwezi mmoja tu kabla ya mgogoro wa bei, Bunge lilikuwa limepitisha mabadiliko ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kutoa takwimu zinazopotosha au kubatilisha zile rasmi kuwa kosa la jinai, adhabu yake faini, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hebu fikiria mwandishi wa wilayani anayezunguka vijiji kuhesabu wasiolipwa. Hesabu yake ikitofautiana na ya wizara, amefanya uandishi au amefanya kosa? Februari 2019 gazeti la The Citizen likafungiwa siku 7 kwa sababu zilizohusisha habari yake kuhusu kushuka kwa thamani ya shilingi. Habari ya thamani ya fedha, kitu ambacho kila mwenye duka la kubadilisha fedha hukibandika ukutani. Sisi wa mikoani tulisoma alama hizo vizuri. Sheria ile ya takwimu ililegezwa Juni 2019, lakini msimu wa korosho ulikuwa umekwisha.

Vyombo vya nje navyo nilivisoma. Vichwa vya habari vilikuwa jeshi na korosho, jeshi na korosho, mpaka ndugu zangu walio ughaibuni wakapiga simu kuuliza kama tuko salama. Askari niliowaona mimi walikuwa wanabeba magunia begani pamoja na vijana wetu, na walituheshimu. Hapo nakubaliana nawe, mkuu: picha iliyotoka nje haikuwa ya haki. Lakini angalia haikuwa ya haki kwa nani. Hao pia walivutwa na malori na maneno ya Rais, wakaondoka kabla ya miezi ya kusubiri haijaanza. Mzee wa vipande vinne hakuwa habari kwa wanaosifu wala kwa wanaoponda.

Chukua mfano wa mkataba wa Indo Power Solutions, kampuni ya Kenya. Tarehe 30 Januari 2019 ulisainiwa mbele ya kamera: tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Gawanya mwenyewe kwa simu yako, utapata shilingi 4,180 kwa kilo. Serikali ilikuwa imetangaza kununua kwa 3,300, kwa hiyo ilionekana faida nono. Swali la kwanza la mwandishi wa uchumi lingekuwa: nani analipa bei hiyo, wakati wanunuzi wazoefu waliiogopa hata 3,000 kwa kuwa soko la dunia limeshuka? Siku ile habari nyingi nilizosoma na kusikia zilikuwa za pongezi. Maswali yalikuja baadaye, na Mei mkataba ukavunjwa. Oktoba 2019 minada ya wanunuzi binafsi ikarudi, na bei za kwanza zilikuwa chini ya 3,000, zilezile ambazo mwaka mmoja kabla zilikataliwa.

Je, hiyo ina maana Rais alikosea kuingilia kati? Kwangu mimi hapana, kuingilia kati kulikuwa sahihi. Kilichohitajika ni fedha yenye ratiba, soko lililohakikishwa kabla ya kutamka bei, na watu huru kusema kila wiki nani kalipwa na nani bado. Lile la tatu ndilo lingeyaokoa mawili ya kwanza. Nina imani Magufuli mwenyewe, mtu aliyekuwa akisimamisha msafara barabarani amsikilize mama anayelia, angelikasirikia jina la yule mzee kuwekwa pembeni. Lakini angelijuaje, kama wote waliopaswa kumfikishia tulikuwa tunatafuta mkulima anayeshukuru?

Na wanaodhani haya yaliisha na awamu ya tano, wafungue habari za msimu wa 2024/25. Bei ya mnada wa kwanza ilivuka tena 4,000, safari hii kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania), nami nilifurahi kama kila mtu wa kusini. Habari zilikuwa zilezile: bei, Rais, shukrani. Makato kwa kila kilo yalikuwa kiasi gani? Fedha ilichukua siku ngapi kufika akaunti ya mkulima wa Kitangari au Nanyamba? Nimetafuta habari zinazojibu hayo kwa undani, nimepata chache mno. Kazi ya uandishi niliiacha, ila tabia ya kuuliza haijaniacha.

Kwa hiyo naomba hivi. Humu ndani wamo watu wa Mtwara, Lindi, Tunduru na Pwani ambao wazazi wao bado wana stakabadhi za 2018/19. Piga picha, funika jina na namba ya akaunti, weka hapa tarehe ya kupima na tarehe ya kulipwa. Kama mlilipwa ndani ya wiki mbili, weka pia, na mimi nitaisoma kwa uzito uleule. Za mama yangu nitaziweka kwenye chapisho linalofuata, nikishazipata kutoka Newala.