Ukienda Cape Point, Uulize Upepo Kwanza

Sisi wa Moshi tunajua kwamba anayetaka kuuona mlima huamka alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Namsihi kila ndugu anayepanga kwenda Cape Point, takriban kilomita 60 kusini mwa Cape Town, afike huko na mazoea hayo hayo, kwa kuwa majabali yale yanayosimama wima juu ya bahari hufunikwa na ukungu ghafla.

Mnara wa kwanza wa kuongozea meli uliwashwa mwaka 1860 karibu na kilele, mita 238 juu ya bahari, na kimo hicho ndicho kilichouponza, maana ukungu ulipotanda mabaharia hawakuiona taa. Mwaka 1911 meli ya Ureno iliyoitwa Lusitania iligonga mwamba hapo, ndipo ukajengwa mnara mwingine chini zaidi, mita 87 tu, ukaanza kuwaka mwaka 1919. Kwa hiyo ukikuta kilele hakionekani, usikae juu ukisubiri. Shika njia ya miguu inayopita kandokando ya majabali kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Mimi naipenda njia hiyo kuliko kilele chenyewe, kwa sababu unawaona mnandi wakiwa wamejipanga kwenye kingo za mwamba uliogeuka mweupe kwa vinyesi vyao, huku mawimbi yakipasuka chini kabisa.

Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu takriban Oktoba hadi Machi, na Desemba, watoto wetu wanapofunga shule, umo katikati ya majira hayo. Juni hadi Agosti kwao ni baridi na mvua. Mwavuli uache nyumbani, ununue jaketi la kuzuia upepo pale Memorial, soko la mitumba hapa Moshi. Nilimwona bibi mmoja akipokonywa mtandio na upepo, ukaelea hadi ng'ambo ya ukuta, na wajukuu wake wakaukimbilia. Niliogopa sana. Watoto washikwe mkono muda wote, kwani si kila mahali pana uzio.

Nyani wa huko, kama wale tuliowazoea njia ya Mto wa Mbu, wanajua kufungua mlango wa gari. Ufunge kwa ufunguo na usitembee na chakula mkononi. Wazee wanaweza kupanda treni ndogo inayovutwa kwa waya, ila ngazi za kumalizia zipo, basi wapeni muda wa kupumzika.