Gauni la bahari limetoka kama sare ya shule: nimekosea wapi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mbagala. Wateja wananiomba nguo za msimu wa joto, za kuvaa Desemba wakienda ufukweni au wakivuka kwenda Unguja. Nilipiga picha za bahari pale Jambiani, kisha nikaingia Kariakoo na simu mkononi kutafuta kitambaa kinachofanana na yale maji. Nilipata buluu nzuri ya pamba, nikaiwekea kola nyeupe na kutarizi samaki kifuani. Gauni limetoka kama sare ya shule ya msingi. Nimekosea wapi?

Jibu: Salama, fundi. Kwenda kuitazama bahari yenyewe badala ya kunakili gauni la mtu mtandaoni ni jambo zuri sana, usiliache. Na kitambaa chako hakina ubaya. Tatizo ni kwamba rangi ya maji haitokei kama inavyotokea rangi ya kitambaa.

Maji hunywa mwanga mwekundu na kuacha wa buluu na wa kijani upite. Pale Jambiani, ndani ya mwamba, maji ni mafupi na chini yake kuna mchanga mweupe wa matumbawe. Mwanga unashuka, unaugonga mchanga, unarudi juu kupitia maji yaleyale. Ndiyo maana unaona feruzi inayong'aa kutoka ndani. Nje ya mwamba kina kinaongezeka, mchanga hauonekani tena, na maji yanakuwa nili. Sasa pamba nzito ya buluu haina mchanga chini yake. Mwanga unaishia juu ya uzi, na rangi inakaa bapa hata kama imelingana na picha yako. Nyeupe ulikuwa nayo, ila uliiweka juu, kwenye kola. Ilitakiwa ikae chini.

Kwa hiyo tafuta pamba nyembamba ya feruzi hafifu, ile ambayo ukiweka kiganja nyuma yake unaona vidole, na uitie bitana nyeupe pe. Jaribu hukohuko dukani. Tandaza kitambaa juu ya karatasi nyeupe kikiwa tabaka moja, kisha kikunje mara mbili, kisha mara nne. Utaona kina kikiongezeka mbele ya macho yako, kwa kitambaa kilekile, bila kuongeza rangi yoyote. Hapo mkato wa gauni umeshajileta wenyewe: tabaka moja kifuani na mabegani, marinda yakianzia kiunoni, na chini kabisa frili ya tabaka mbili au tatu ili rangi iwe nzito kuelekea pindoni. Shifoni ya poliesta inatoa sura hiyohiyo kwa bei nafuu, lakini mteja atakayeivaa mwili mzima wakati wa kaskazi atalowa jasho. Iweke kwenye mikono tu.

Na usilinganishe rangi kwa picha ya simu. Simu nyingi huzidisha buluu na kijani ili picha ipendeze, halafu taa za duka nazo huibadilisha rangi ya kitambaa kwa namna yake. Mwombe muuza duka akuruhusu utoke nacho mlangoni, kwenye jua. Gauni la ufukweni litavaliwa juani, basi lichagulie rangi juani.

Jambo la pili ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa wanafunzi wangu. Nguo moja ichukue mahali pamoja na saa moja. Wewe ulichukua maji ya saa sita mchana, ukamchukua samaki kutoka kwenye kina kingine kabisa, ukavishona pamoja. Rudi Jambiani au Paje wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yakishakupwa. Feruzi yote imeondoka. Umebaki uwanja mpana wa mchanga uliolowa, rangi yake kati ya maziwa na majivu, na juu yake mistari ya kamba iliyofungwa kwenye vijiti, kila kamba imening'iniza mafungu ya mwani. Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989 na wanaokifanya wengi ni wanawake. Utazame mwani kwa karibu: fungu moja lina kahawia ya chai, kijani cha zeituni na ncha zinazokaribia wekundu. Halafu kwa mbali anapita mkulima mmoja amejifunga kanga nyekundu, na jicho lote linamfuata.

Hilo ni gauni kamili. Mchanga ndio kitambaa chenyewe, pamba au kitani isiyong'aa. Kamba za mwani ni mistari myembamba iliyoachana, unaweza kuipiga kwa cherehani yako kwa uzi mnene wa zeituni. Nyekundu iwe ndogo kabisa, labda ukingo wa mfuko mmoja. Ukiiongeza nyekundu, mchanga unapotea na umerudi kwenye sare, safari hii ya klabu ya mpira.

Kuhusu samaki: mwache aogelee. Ukimtarizi alivyo unakuwa umechora nembo, ndiyo maana kifua kile kilikumbusha shule. Nenda mnadani Feri asubuhi ukamwangalie pono wa kijani kabla rangi hazijafifia. Mwili wake ni kijani cha feruzi, kila gamba limezungushiwa waridi, mapezi yana ukingo wa buluu kali. Chukua mpangilio huo, feruzi nyingi, waridi kwenye maungio, buluu ukingoni tu, uutie kwenye dera. Kauri na makombe halisi usishone. Ni mazito, hukata uzi, na mengi huokotwa mnyama akiwa bado hai.

Umbo nalo lina mwalimu wake, na ni tanga la dau. Limening'inia mshazari kwenye foromali, yaani boriti inayoshika tanga, ndiyo maana hujaa upepo kwa mkunjo mmoja mrefu. Sketi iliyokatwa mshazari huanguka hivyo hivyo na kucheza na upepo wa pwani bila kupanda juu ovyo. Itakula kitambaa zaidi, mweleze mteja mapema. Ukishaiunga itundike usiku kucha kabla ya kupiga pindo, kwa sababu mshazari hujivuta, upande mmoja zaidi ya mwingine, na pindo la siku hiyohiyo litakuwa limepinda kesho yake.

Kabla ya kukata chochote, loweka feruzi na bitana kila kimoja peke yake, anika, piga pasi. Pamba hurudi, na vitambaa viwili visiporudi sawa, mshono utavutana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Feruzi ikiwa bado mbichi, isugue kwa kitambaa cheupe. Ikiacha alama, itachuja kwenye bitana yako nyeupe, na hapo hakuna mchanga tena wa kurudisha mwanga. Irudishe dukani.