Elektroni za Jinja hazifiki Tororo
Unadhani elektroni, zile chembe ndogo mno zinazobeba umeme, husafiri kutoka bwawa la umeme la Jinja hadi kwako Tororo, hapa Uganda? Hapana kaka, zinazowasha balbu yako hazikutoka huko. Zimo kwenye waya wa nyumba yako tangu fundi alipoutandaza. Shaba ya waya huo ina elektroni huru tele. Mtambo wa Jinja unazisukuma tu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo zinakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde papo hapo zilipo, hata milimita moja hazimalizi. Tena kwenye transfoma, kile kifaa cha kupandisha au kushusha volti, zisingepita: waya wa upande huu haugusani na wa upande ule, ni usumaku unaovusha nishati. Uniti ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ni kilowati-saa 1 ya nishati. Elektroni hukuuziwa hata moja, kaka!