Kabla Hujatafuta Tanuri Kali Kuliko Zote

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi ameniandikia akitaka kujua ni maabara ipi yenye tanuri kali kuliko zote, kwa kuwa anatamani kutafiti jinsi vyombo vya anga vinavyostahimili joto. Ninamjibu hadharani kwa sababu najua wengi wenu mna shauku hiyohiyo, na pia kwa sababu swali lake limenitonesha kidonda.

Katika maabara niliyofanyia kazi Ujerumani, nilipendekeza sampuli za nyuzi za kaboni na resini (gundi inayozishikanisha) zipashwe moto, zipoe kidogo, kisha zipashwe tena, badala ya kuchomwa kwa mkupuo mmoja. Mkubwa wangu alisema mbele ya wenzangu kwamba huo ni upotezaji wa umeme, kwani kilichostahimili moto mkubwa hakiwezi kushindwa na mdogo. Nilinyamaza, mgeni hana budi kupima maneno, lakini baadaye nilichoma sampuli chache kwa utaratibu wangu. Tabaka zake ziliachana kama chapati iliyosukumwa vizuri, ilhali zile za mkupuo mmoja zilitoka nyeusi lakini nzima. Hakuna aliyezitazama.

Kisha kikaja kisa cha Orion. Chombo hicho cha NASA kiliporudi kutoka Mwezini tarehe 11 Desemba 2022, kwa mwendo wa karibu kilomita 40,000 kwa saa, ngao yake ya joto, iliyotengenezwa kwa Avcoat, kitu kinachoungua polepole ili kukikinga chombo, ilikutwa imemeguka mahali zaidi ya 100. Matokeo ya uchunguzi yaliyotangazwa Desemba 2024 yalieleza kwamba chombo kilizama katika angahewa, kikainuka, kisha kikazama tena. Katikati hapo joto lilipungua kiasi kwamba mkaa unaobaki Avcoat inapoungua, wenye vinyweleo vya kupitisha gesi, haukuundika upesi, huku gesi ikiendelea kuzalishwa ndani. Shinikizo likapanda na ngao ikapasuka. Majaribio ya awali ya ardhini yalitumia joto kali kuliko la safarini, hivyo mkaa uliwahi kuundika na kasoro ikajificha. Sikuhusika na uchunguzi huo hata kidogo, ila siku niliyousoma nilitembea kifua mbele.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiulize kilele cha joto tu. Uliza limepandaje, limekaa muda gani na limeshukaje. Tunapenda mno namba kubwa, na tabia hiyo tuiache. Themokapo, yaani vipima joto vya nyaya, nazo zipachike kwa kina tofauti, si juu pekee, na uhakikishe ncha yake imegusa sampuli, maana ikiinuka hata kidogo utakuwa unapima hewa ya tanuri.

Tanuri la mfinyanzi na themokapo za aina K vinatosha kuanzia. Pasha kipande kimoja kwa njia mbili, uchore grafu za joto na muda, kisha unitumie. Majina ya maabara tutayazungumza baada ya hapo.