PCR ya damu ni hasi, mbona bado wanashuku virusi vya mbu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu, miaka 24, aliumwa homa na kichwa siku nne. Ya tano akaanza kuweweseka, kisha akakakamaa kama mwenye kifafa. Malaria haikuonekana. PCR ya damu (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi) kwa West Nile, kirusi kinachoenezwa na mbu, imetoka hasi, lakini madaktari wanasema huenda ubongo umevimba kwa virusi vya mbu. Inawezekanaje?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Inawezekana kabisa. Kirusi hiki hukaa kwenye damu siku chache tu, na kiasi kidogo. Fahamu zinapoanza kuyumba, mara nyingi kingamwili zimeshakiondoa humo, kwa hiyo PCR inakitafuta mahali kilikokwisha kuhama.

Kinachotakiwa ni kupima IgM, yaani kingamwili za mwanzo ambazo mwili hutengeneza, kwenye maji ya uti wa mgongo. IgM ni molekuli kubwa, haivuki kirahisi kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo. Ikikutwa kwenye maji hayo, kwa kawaida imetengenezwa humo humo. Ulizeni sampuli ya maji hayo ilichukuliwa siku ya ngapi tangu homa ianze. Kama ni kabla ya siku ya 8 na jibu ni hasi, irudiwe. IgM ya damu peke yake isiwatoshe: inaweza kubaki miezi kadhaa baada ya maambukizi ya zamani, tena dengi au chanjo ya homa ya manjano huweza kuichanganya maabara. Uthibitisho ni kipimo cha kuona jinsi kingamwili za mgonjwa zinavyokizuia kirusi, kwenye sampuli mbili za damu zilizopishana wiki 2 hadi 3. Kingamwili zikipanda mara nne au zaidi, maambukizi ni mapya.

Ila kuna jambo lisilosubiri majibu hayo. West Nile haina dawa ya kuiua, lakini virusi vya hepesi, ambavyo havina uhusiano na mbu, huvimbisha ubongo kwa dalili zilezile na dawa yake ipo: asiklova ya mshipani, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 8. Mwenye kilo 60 hupewa miligramu 600, ikipita taratibu kwa saa nzima na maji ya kutosha, maana ikikimbizwa huganda kama chembechembe kwenye figo. Figo zikiwa dhaifu, dozi hupunguzwa. Kwa hepesi, PCR ya maji ya uti wa mgongo ndiyo kipimo chenyewe, ingawa siku 3 za mwanzo inaweza kudanganya kwa kutoa jibu hasi. Ulizeni leo hii kama dawa hiyo imeshaanza.